Uniti Zilizobaki

Mwezi wa pili mfululizo, umeme uligoma kuisha.

Msoma mita aliinama mbele ya kisanduku cha umeme ukutani, akanakili namba kwenye daftari lake, akacheka peke yake. Kutwa alizunguka mitaani akisoma mita za maji za watu, na jioni hakuridhika mpaka asome ya umeme ya kwake. Majirani walimwita Bwana Namba, wala hakukasirika. Alimwambia mkewe kwamba nyumba imeongezeka mtu na bado uniti zinabaki. Hiyo ni baraka, watu hawaulizi baraka imetoka wapi.

Mkewe, mshonaji wa sare za shule, hakuwa na nafasi ya kufurahia baraka. Alikuwa amepiga magoti sakafuni, akiosha kidonda kwenye mguu wa mama mkwe wake.

Mama alihamia kwao miezi mitatu iliyopita akitoka kwa binti yake, na chupa zake za sindano za sukari zimeviringishwa kwenye taulo bichi. Hospitali ilisema dawa zikae kwenye friji, maana zikipata joto au zikiganda zinaharibika. Friji la nyumba hiyo lilikuwa kuukuu, na kabla ya hapo liliwashwa wageni wakija tu. Jioni ile ile Bwana Namba alipiga hesabu mezani kwa sauti: friji mchana na usiku, uniti kadhaa kwa siku, mwezi haufiki nusu watakuwa gizani.

Mshonaji alimkanyaga chini ya meza. Kati ya sebule na chumba cha mama palikuwa na pazia tu.

"Punguza sauti," alimwambia. "Huyo ni mama yako."

Alipunguza, lakini yaliyotoka yalikuwa yameshatoka.

Tangu hapo sukari ya mama ilikuwa ikipanda. Daktari aliongeza dozi, ikapanda tena. Mshonaji ndiye aliyemchoma sindano, asubuhi kabla ya kazi na jioni akirudi, na hakuruka hata siku moja. Lengelenge la kiatu likawa kidonda, kidonda kikawa shimo. Wifi yake alipiga simu, hata salamu hakutoa. Alisema mama alipokuwa kwake alikuwa mzima, sasa huko analishwa nini?

Maneno hayo yalimkosesha usingizi. Mama alishinda nyumbani peke yake, na kopo la sukari lilikuwa jikoni, wazi. Mshonaji akalifungia kabatini pamoja na asali na biskuti, ufunguo akatembea nao. Mama aliona. Alikunywa chai yake chungu na kumshukuru. Mshonaji aliona aibu, lakini kabati hakulifungua.

Sukari haikushuka.

Kisha likaja jambo la maziwa. Jioni moja aliyatoa kwenye friji yakiwa yamechacha, na chupa ya maji iliyokuwa kando yake ina vipande vya barafu. Alishika dawa. Zilikuwa za baridi, kama siku zote. Jumapili akamwita fundi, wote wakiwa nyumbani. Fundi alisikiliza mngurumo, akapapasa mpira wa mlango, akaweka mkono nyuma, akasema friji hilo ni zee ila halina kosa. Alichukua nauli yake akaenda zake.

Usiku huo mshonaji alilala macho wazi, akamwangalia mumewe anavyokoroma. Nani alifurahia uniti zilizobaki? Nani alikuwa wa mwisho kutoka asubuhi na kufunga mlango, na nani alitangulia kurudi jioni?

Asubuhi alimwuliza bila kuzunguka.

"Mume wangu, unazima friji mchana?"

Bwana Namba alifunga daftari lake, akachukua kofia, akatoka bila kunywa chai. Kwa mshonaji hilo lilikuwa jibu tosha.

Hakupata muda wa kulimaliza. Siku hiyo hiyo jirani alimpigia simu kazini: mama ameanguka uani. Hospitali walipima, wakaangalia mguu, wakanong'onezana. Daktari akawaambia kesho asubuhi watalazimika kuukata chini ya goti.

Jioni walikaa kando ya kitanda, mume huku na mke kule. Bwana Namba aliinamisha kichwa, hakuthubutu kumtazama mtu. Mshonaji alikuwa na hasira. Alijua kwamba akisema, ndoa yake imekwisha, na asiposema mama atakatwa mguu bila kujua kwa nini.

"Mama," alianza, "kuna jambo kuhusu mwanao lazima ulijue."

Mama aliinua kiganja. Alimwomba mwanawe akamletee maji ya kunywa, na alipotoka akamvuta mkwewe karibu, akiwa na tabasamu dogo.

"Nimetaka atoke, maana hili ni la sisi wawili, na yeye usimwambie. Mimi nitakaa huku siku nyingi, kwa hiyo kazi yangu nakuachia wewe. Mkitoka asubuhi, zima friji. Mimi nalizima kila siku tangu nije, mlango nikiufunga vizuri baridi si inabaki humo humo? Nikisikia watoto wa shule wanarudi naliwasha, nazungusha kile kidude cha kuongeza baridi mpaka mwisho, lipoe upesi msijue. Nakula kwenu, nalala kwenu, mnanitibu. Mwanangu, na mimi nilitaka nichangie kitu."