Wimbo wa Tano, Upande wa Pili

Kila neno hapa ni kweli tupu. Asiyeamini akaangalie kovu dogo kwenye shavu la kushoto la Mzee Mita, alilolipata Jumatano asubuhi kwenye kiti cha kinyozi, redio iliposema: "Ule wimbo wa 'Funguo Mezani' tumeupata. Tutaupiga Jumamosi, saa nne."

Aliruka. Wembe haukuruka naye.

"Tulia, mzee," kinyozi alisema, akibonyeza pamba kwenye damu. "Si ndiyo habari uliyokuwa unaingoja?"

Mzee Mita alisema ndiyo. Angesema nini? Wimbo ule hakuna mtu chini ya jua ambaye angeweza kuupata. Aliuzua mwenyewe, mle mle kwa kinyozi, miaka tisa iliyopita, siku moja ya mvua isiyokuwa na wateja.

Miaka thelathini alikuwa msoma mita za maji, akiingia nyumba za watu na kutoka na hadithi. Alipostaafu alibaki na cheo kimoja tu: kiti cha kando ya redio ya kinyozi. Anayekikalia ndiye anayechagua stesheni. Kila Jumamosi aliwawekea wateja kipindi cha "Upande wa Pili", kinachopiga nyimbo za roki zilizosahaulika ndani ya albamu, zile ambazo hazikuwahi kuvuma. Na kila mmoja ukiisha, yeye alikuwa na neno.

"Mzuri. Lakini haufikii 'Funguo Mezani'. Wimbo wa tano, upande wa pili wa santuri. Katikati ngoma inaanguka, puu, na wala hawasimami. Mwishoni mwimbaji anacheka. Niliusikia kwenye nyumba moja nikisoma mita."

Fundi viatu wa mlango wa pili, mpenzi mkubwa wa taarifa za hali ya hewa, alikuwa amefika kikomo. "Wimbo gani huo unaoujua peke yako?" alimwambia wiki ile. "Tuwapigie simu redio wautafute. Kama upo, sitagusa redio hii maisha yangu yote. Kama haupo, kiti nakichukua mimi, na wewe unafagia nywele mwezi mzima."

Walipiga simu. Na sasa eti umepatikana.

Tangu Jumatano Mzee Mita hakutulia. Nyumbani alikaa, akainuka, akajaribu kiti kingine. Mkewe alikuwa anapiga pasi huku akijiimbia. Mzee Mita, kama kawaida yake, akaongeza sauti ya redio ili asimsikie.

"Huyo mwimbaji wako," mkewe aliuliza, "alikuwa mwanamume au mwanamke?"

"Mwanamke. Sauti kama changarawe kwenye bomba. Wewe piga pasi yako, mama watoto. Mambo haya yana wenyewe."

Alhamisi mkewe alishinda kwa dada yake, akarudi sauti imemkauka, kila kitu anaonyesha kwa mkono. Mafua, aliandika kwenye kikaratasi. Mzee Mita alishukuru kimya kimya: angalau mtu mmoja hatamwuliza kitu. Ijumaa alizunguka mtaa mzima akifunua vifuniko na kusoma mita za watu, mpaka jirani mmoja akatoa kichwa dirishani.

"Si ulistaafu, baba?"

"Nahakikisha tu," alijibu, na hata yeye hakujua anahakikisha nini.

Jumamosi aliamka amekata shauri kusema ukweli. Mkewe alikuwa ametoka mapema, ameacha chai kwenye chupa. Njia nzima alifanya mazoezi: Jamani, nilikuwa natania. Maneno matatu tu. Lakini alipofika alikuta kinyozi amempangusia kiti chake, watu wamejaa mpaka kwenye ngazi, na muuza magazeti amefunga kibanda kwa heshima yake. Maneno yale matatu yakarudi tumboni.

Saa nne, gitaa likakwaruza. Ngoma zikaingia mbio kama mtu anayeshuka ngazi kwa hasira. Kisha sauti ya mwanamke, nzito, yenye changarawe, ikiimba habari za mtu aliyeacha funguo mezani akaenda zake. Katikati, puu, ngoma ikaanguka. Hawakusimama. Na mwishoni mwimbaji akacheka, kicheko kifupi cha puani, na Mzee Mita akainuka kwenye kiti.

Maana kicheko kile alikuwa anakijua.

Basi sikuzua, alijiambia. Niliusikia kweli, nikasahau kwamba niliusikia.

Fundi viatu aliinamisha kichwa. Kinyozi alipunguza sauti ya redio, akapiga simu, akamsogezea Mzee Mita mdomoni. "Mtangazaji anakusikiliza. Ndio wenyewe, mzee? Hata ukisema hapana, hakuna atakayekucheka."

"Ndio wenyewe, naapa," alisema Mzee Mita, kifua mbele. "Na yule mwimbaji nilimfahamu. Mwanamke mwenye sauti kama ile siku hizi humpati. Maskini, alifariki zamani. Nililibeba jeneza lake kwa mikono hii, upande wa kushoto."

Kinyozi alimtazama kwa huruma, akaongeza sauti ya redio.

"Asante, mzee," mtangazaji alisema. "Sasa niwaambie wasikilizaji: wimbo huu haupo popote. Tulitafuta hadi tukachoka. Basi Jumatano tukatangaza tumeupata, na Alhamisi tukaurekodi wenyewe hapa studio, kwa maelezo ya mzee na kwa mwimbaji tuliyeletewa na kinyozi. Mwimbaji ninaye hapa, na ana neno kwa mumewe."

Changarawe ilikohoa kidogo.

"Baba watoto, ni mimi marehemu. Ukimaliza kufagia unipitishie limau, koo bado linawasha."

Mzee Mita aliuchukua ufagio nyuma ya mlango. Alifagia polepole sana, asije akaifunika ile sauti.