Mababu wa Kuazima

"Rudia tena," alisema Dahabo. "Anzia kwa baba."

Sagal, mtoto wa miaka minane, alikuwa amelala mapajani mwa Dahabo, mama yake, ndani ya pikapu, mguu umevimba hadi gotini. Nyoka alimuuma asubuhi kisimani. Dawa iko hospitali ya mjini, ng'ambo ya mstari, na isipopatikana kabla ya alasiri ndiyo basi tena.

Mstari wenyewe aliuchora Mwingereza na Mtaliano, kwa rula, bila kumuuliza mtu wala ngamia. Leo hawa wanaapa kuwa ndio mpaka wa nchi yao, wale wanaapa kuwa ardhi hufuata damu, na katikati wanazikwa watu. Kwenye kizuizi cha barabarani hapo mpakani wako wana wa ukoo wa Hildid. Sagal ni wa ukoo wa Shirwa, adui zao. Mtoto wa Shirwa hapiti pale hata akiwa maiti.

"Mimi ni Sagal binti Kulane," mtoto alianza. "Kulane wa Diriye, Diriye wa Samakab..."

Mababu kumi na wawili, wote wa adui. Dahabo aliwajua kwa sababu mama yake mzazi alikuwa wa Hildid. Akamsahihisha mtoto palipostahili, huku akijionea kinyaa. Baba halisi wa Sagal alizikwa mwezi uliopita, na risasi iliyomuua ilikuwa ya hao hao.

"Mama, nataka kutapika."

"Hata mimi, mwanangu. Endelea."

Waliposimamishwa kizuizini, mlingoti wa pale ulikuwa hauna bendera.

"Labda wameipeleka kufua," dereva alinong'ona. Simu zilikuwa hazishiki tangu jana, hakuna wa kumuuliza.

Kijana mwenye bunduki alikuja, shavu limejaa mirungi. Uso mgeni, vita hivi huleta vijana kutoka mbali. Akautazama ule mguu kama anayetazama tairi bovu.

"Ukoo?"

Dahabo akafungua kinywa.

"Wewe mama nyamaza. Watu wazima mna maneno mengi. Aseme mtoto, mtoto hajui uongo."

Sagal akajiinua kwa kiwiko. Midomo ilikuwa imemkauka, lakini aliwataja mmoja mmoja, wote kumi na wawili, hadi kwa Hildid mwenyewe. Hakukwama hata mara moja. Dahabo akapumua. Ya Rabi, mtoto kaweza!

"Mashallah," alisema kijana. "Hajakosea hata mmoja. Nani kamfundisha?"

"Mimi."

"Umemfundisha vizuri."

Akatema mate ya kijani karibu na gurudumu, akawageukia wenzake waliokaa kivulini. Walikuwa wanacheka. Kisha akaikoki bunduki.

"Geuzeni gari, mama. Wana wa Hildid tumewafurusha hapa leo alfajiri. Hapa sasa ni kwa Shirwa."