Kivuli cha Bwana Kiko

Mdoe alikuwa amesimama juu ya kiberenge akishona turubai kwa sindano ya magunia. Paulo mpishi alimtazama kwa muda mrefu, kisha akamuuliza ni lini alianza kuwahurumia Wajerumani.

Mdoe alikata uzi kwa meno. Alisema jua la Korogwe halichagui shingo.

Kiberenge hicho kilikuwa kigari cha reli kisicho na injini: jukwaa la mbao, magurudumu manne, kiti mbele, breki nyuma, na wanaume wanne wa kusukuma, Mdoe akiwa mmoja wao. Kila mwezi kilimpeleka Mombo mkaguzi wa reli, Mjerumani waliyemwita Bwana Kiko kwa sababu ya kiko kisichomtoka mdomoni. Paulo alikaa miguuni pake na kikapu cha chakula. Wale wanne walikimbia wakisukuma, na Bwana aligeuka kila mara kuwatazama.

Safari iliyopita aligeuka akamkuta Habakuki ameachia, anakohoa, mikono magotini. Alisema kwa utulivu kwamba mtu huyo akiachia tena atapelekwa kuponda mawe kwenye barabara ya Handeni. Waliokwenda huko na vifua vizima walirudi wakikohoa. Habakuki angekwenda tayari anakohoa, na Habakuki ndiye aliyemwoa Elina, dada yake Paulo.

Ndiyo maana turubai lile lilimkera Paulo. Lilikuwa la hema kuukuu, zito, na nguzo zake za mwanzi zilikuwa ndefu kuliko ilivyohitajika. Kwa paa Mdoe alitumia kipande kidogo tu. Kipande kikubwa alikining'iniza nyuma ya kiti kama pazia, kutoka juu kabisa hadi kwenye mbao, akakikaza pembe zote kwa kamba za katani. Alivuta, akaenda mbali akatazama, akarudi akafungua fundo moja, akalifunga upya.

“Uzito wote huo atausukuma shemeji yangu,” Paulo alisema.

“Tutausukuma wote.”

“Wewe una kifua.”

Mdoe alimwambia achunge sufuria zake, akaendelea kufunga.

Bwana Kiko alipokuja kukagua, Mdoe alivua kofia na kumweleza kazi hatua kwa hatua. Asubuhi jua huwa nyuma yao, kwa hiyo pazia limewekwa nyuma. Shingo ya Bwana haitaungua tena. Kisha akaongeza, macho chini:

“Na harufu ya jasho letu Bwana hataisikia.”

Bwana alicheka, akampa tumbaku. Paulo alitema mate kando. Alikuwa amewaona wengi wakijipendekeza, lakini huyu alijipendekeza kwa mgongo wa mgonjwa.

Siku ya safari Mdoe hakuwa na haraka. Alisema umande ukauke kwanza, reli zinateleza. Walingoja hadi majani ya migomba ya stesheni yalipoanza kupepea, ndipo akasema sasa twende. Habakuki alishika mbao kwa mikono miwili. Paulo alitaka kumwambia neno, lakini Bwana alikuwa ameshakaa, na pazia likateremshwa kati yao.

Mwanzo ulikuwa mgumu. Paulo alisikia miguu ikikimbia juu ya kokoto, na kikohozi cha shemeji yake. Walipoyapita mashamba ya kwanza ya katani, kikohozi kikakoma. Hata miguu hakuisikia tena, ila mngurumo wa magurudumu na turubai likilalama kwenye kamba zake.

Alijua kukoma kwa kikohozi kulimaanisha nini. Habakuki ameanguka huko nyuma, na wenzake hawakusimama. Hakuthubutu kufunua pazia. Akigeuka yeye, Bwana naye angegeuka, na angeona ni nani hayupo.

Bwana Kiko, kivulini, alikuwa na raha. Alitazama nguzo za simu zikipita mbio, akatazama saa yake, akasema vijana hawajawahi kusukuma namna hii. Karibu na Makuyuni ubinadamu ukamwingia.

“Waulize kama wamechoka,” alimwambia Paulo. “Wanaweza kupumzika kidogo.”

Paulo alipiga magoti, akafunua pembe ya pazia kiasi cha kupitisha uso, akachungulia.

Wote wanne walikuwa wamekaa kwenye ukingo wa nyuma wa kiberenge, miguu ikining'inia juu ya reli, upepo wa kutoka baharini ukiwapiga usoni na kulijaza turubai hadi mianzi imepinda. Mkono mmoja wa Mdoe ulikuwa kwenye breki. Wa pili ulikuwa umemzunguka Habakuki, aliyelala, asije akadondoka.

Paulo aliliachia pazia.

“Wanasema bado wana nguvu, Bwana.”