Mfano wa Profesa Mbonde

Profesa anapostaafu, chuo hufuta kichwani mwake kila alichowahi kukisema darasani. Ni mali yetu, wanasema, watu walewale waliomnyima hata chaki.

Mafundi walipoingia sebuleni na mashine yao, mke wa Profesa Mbonde, Stamili, alimshika mkono.

“Falsafa waichukue, mzee wangu. Mimi utanikumbuka.”

Profesa hakumtazama.

“Lile somo la ahadi,” alisema. “Nilikuwa natoa mfano.”

“Mfano gani?”

“Wewe. Tulivyokutana, ulivyonikataa mara mbili, harusi yetu. Kila mwaka, miaka thelathini na minane. Wanafunzi walikuwa wanaupenda.”

Fundi alimvika Profesa kofia ya nyaya, kisha akamgeukia Stamili kwa adabu.

“Mama, tukimaliza, jitambulishe taratibu. Usimguse kwanza.”