Mfupa Uliokubali Kuimba

Waya wa pili wa piano ulikatika saa nne asubuhi, ukamchana Fundi kidole. Akakifunga kwa leso, akasema yeye na kukaza nyuzi leo basi. Piano ilikuwa yake mwenyewe, kuukuu, imetolewa sebuleni kwake jana kwa sababu ile ya ukumbi wa maigizo ilishaliwa na mchwa. Kule nyumbani ilikuwa imeshuka chini ya sauti ya kawaida kidogo kidogo kwa miaka ishirini, na sasa haikubali tena kupanda. Ukiilazimisha, inakata nyuzi.

"Mzee, hii imekwama katikati ya noti mbili," alilalamika mpiga klarineti, aliyekuwa amekivuta chombo chake ili kukishusha sauti mpaka karibu kiachane mikononi mwake. "Hakuna chombo duniani kinacholingana na hii."

Fundi akamjibu kwamba anayeweza kuifuata aifuate, asiyeweza apumzike. Wapiga fidla wakalegeza nyuzi zao. Tarumbeta likarudishwa kwenye sanduku. Mpiga klarineti akanuna.

Siku nyingine Fundi angemtania. Leo aligeuka kutazama pembeni mwa jukwaa. Binti yake wa pekee, mtaalamu wa mambo ya kale, alikuwa amesimama pale akijiuma kucha. Mwaka jana, chuo kilipotishia kumwachisha kazi kwa kuchimba pangoni miaka sita bila kupata hata kigae, alirudi kuishi kwa baba yake. Haukupita muda akatoka pangoni na mfupa wenye matundu matano. Yeye alisema ni filimbi ya miaka elfu tatu. Wenzake chuoni wakasema ni mfupa uliotafunwa na fisi. Magazeti nayo, yasiyo na haya, yakambatiza Mama Mfupa.

Mwongozaji wa ukumbi, mtu asiyepitwa na ugomvi mzuri, akaugeuza ugomvi huo kuwa igizo la nyimbo. Mchungaji wa kale anapuliza filimbi yake, kwaya ya watu thelathini inamwitikia, na maprofesa wabishi wanacheza kama fisi wenye mikia ya kamba. Lilibaki neno la makumbusho tu. Mama aliyetumwa na makumbusho aliliweka wazi: mfupa utapulizwa mara moja, leo, mbele ya macho yake. Ukitoa noti, anatia sahihi kibali cha igizo. Ukitoa upepo mtupu, igizo linafutwa, na Mama Mfupa akatafute kazi nyingine.

Kwa kuwa yeye mwenyewe hajui muziki, akasema atategemea sikio la Fundi. Mtu akanong'ona kwamba huyo ni baba mtu. Mama wa makumbusho akasema analijua hilo, ila anajua pia kwamba mzee huyu aliisimamisha kwaya siku ya harusi yake mwenyewe, akaiambia inaimba chini.

Mpiga filimbi wa igizo akapanguza mikono, akaupokea mfupa. Fundi akaketi kwenye piano, akafumba macho. Aliomba kama mzazi yeyote angeomba: Mungu wangu, utoe sauti, hata moja. Akabonyeza noti ya kwanza.

Mfupa ukaitika.

Akabonyeza ya pili, ukaitika. Ya tatu, ya nne, ya tano. Mpiga filimbi hakukaza mdomo wala kuulegeza. Alipuliza tu, na mfupa ukakaa juu ya piano bila kupanda wala kushuka hata unywele.

Ukumbi ukalipuka. Fisi walivua mikia wakaizungusha hewani, kwaya ikaanza kuimba bila kuambiwa, hata mpiga klarineti akasahau kununa. Binti akaketi sakafuni analia. Mwaka mzima wa kuchekwa ulikuwa unamtoka.

Fundi peke yake hakuinuka. Mikono yake ilibaki juu ya piano.

"Fundi, nakusikiliza wewe," alisema mama wa makumbusho, kalamu mkononi. "Ni noti za kweli, au tumejifurahisha?"

"Ni noti za kweli," alisema Fundi. "Zote tano zimelingana na piano yangu."

Machozi yakamtoka. Watu waliomwona wakaguswa, wakasema uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Mama wa makumbusho akatia sahihi, akampa mwongozaji karatasi yake.

Binti akaja mbio, akamkumbatia baba yake shingoni. Alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja.

"Umesikia, baba?"

"Nimesikia."

Fundi akamshika kichwa kwa mikono miwili, akamvuta karibu, akamnong'oneza sikioni mtu mwingine asisikie:

"Mwanangu, ulipokuwa ukitoboa haya matundu pale sebuleni kwetu, mimi nilikuwa wapi?"