Kisiwa Ambacho Hafidh Hakufika

"Ulifikaje Uingereza?" aliuliza Sugow.

"Kwa ndege," alijibu Hafidh.

"Kutoka wapi?"

"Nairobi."

"Na Ugiriki?"

"Siijui."

Jibu lilikuwa sawa, ila Hafidh alikuwa ameinamisha uso. Sugow akamwambia aanze tena, na safari hii amtazame machoni.

Walikuwa jikoni, katika nyumba ya kupanga huko Small Heath, na usaili wa Hafidh wa kuomba hifadhi ulikuwa kesho yake. Sugow, Msomali aliyekulia Mombasa, alikuwa na miaka mitatu Birmingham na alikwisha kuona wenzake wakirudishwa. Sheria ya mwaka ule wa 2003 alimweleza kwa ufupi: nchi ya kwanza ya Ulaya uliyoikanyaga ndiyo watakayokurudisha. Bahati ya Hafidh ni kwamba kisiwa cha Ugiriki alichofikia kilikuwa kidogo mno, na polisi wake wawili hawakuwa na mashine ya kuchukua alama za vidole. Hapakuwa na karatasi iliyomtaja. Kilichobaki ni mdomo wake tu.

Lakini kisiwa kile kiligoma kumtoka. Hafidh alikuwa mtu wa Pemba, visiwa si vigeni kwake, ila hakuwa amepata kuona ardhi inayofuka moshi. Katikati ya Nisyros, ndivyo kilivyoitwa, palikuwa na shimo kubwa la volkano, jeupe lenye manjano, linanuka mayai viza, na mawe yake yaliunguza hadi ndani ya viatu. Juu ya ukingo wake aliiona bahari yote, visiwa vimetapakaa kimoja nyuma ya kingine, na mbali kabisa pwani ya Uturuki walikotokea.

Waliondoka kwa boti mbili za mpira. Msafirishaji aliwatenga wanaume na wanawake, akasema ni mwendo wa saa moja. Zeinab, mkewe Hafidh, akapanda ya pili. Upepo ukageuka. Boti ya wanaume ilitupwa Nisyros. Ya wanawake haikuonekana. Kwa siku arubaini na moja Hafidh alipanda ukingoni mwa volkano kila asubuhi, akaikagua bahari. Siku iliyofuata wavuvi walileta boti ya mpira iliyopasuka, tupu, yenye namba aliyoikumbuka. Akamsalia mkewe peke yake, bila maiti, akaondoka.

"Umeoa?" aliuliza Sugow.

Hafidh akainamisha uso tena. Sugow akamweleza, kwa upole, kwamba hilo nalo haliwezi kutajwa. Akisema alikuwa na mke, watauliza alifia wapi.

"Sijaoa," alisema Hafidh hatimaye.

Usaili ulikwenda vizuri kuliko alivyotegemea. Mkalimani alikuwa mama wa Kikenya, Roselyne, mwenye sauti ya chini. Afisa aliuliza habari za Pemba, za vurugu alizozikimbia, za makovu ya mgongoni. Hayo yote Hafidh aliyajibu kwa kweli. Alipofika kwenye ndege, hakupepesa macho.

Kisha afisa akafungua faili jingine, jembamba. Roselyne akatafsiri.

"Anauliza kama unamjua mwanamke anaitwa Zeinab Hamad Shaame."

Pasi ya kusafiria ya Zeinab ilikuwa imeshonewa ndani ya gauni lake. Basi bahari imemtoa, alifikiri Hafidh; wamemwokota kwenye kimojawapo cha visiwa vile, wakalisoma jina, na sasa wananitegea mimi. Akitokwa na chozi moja, atarudishwa, na taabu yote waliyoipata wawili itakuwa ya bure.

"Simjui."

"Anasema ufikirie vizuri. Usiogope."

"Sijaoa, mama. Mtu wa jina hilo simjui."

Afisa alimtazama kitambo. Akaandika mstari mmoja, akamsogezea kalamu atie saini.

Ndani ya basi la kurudi nyumbani, Coventry Road, Hafidh aliegemeza kichwa kwenye kioo na kumwomba marehemu msamaha. Kufa kwake hakukutosha. Imebidi amkane pia.

Barua ilikuja baada ya wiki mbili. Kiingereza chake kilimshinda, akampa Sugow, ambaye aliisoma akiwa wima, mlangoni.

"Umekubaliwa, ndugu yangu," alisema Sugow. "Wamekupa ukaazi."

Hafidh akaketi kwenye ngazi. Alingoja furaha, haikuja. Akauliza kama kuna jingine. Sugow alikuwa kwenye ukurasa wa pili.

"Soma tu," alisema Hafidh.

"Wanashukuru," alisema Sugow, polepole, bila kumtazama, "kwa kuwasaidia kumaliza suala la yule mwanamke waliyemzuia bandarini Dover, aliyedai kwamba wewe ni mumewe. Walimpandisha ndege ya Ugiriki Jumatatu."