Kiwanja cha Mke Mwenzangu

Mafuriko yalibeba nyumba yangu, lakini mume wetu alimwandikisha Mwanaarusi, mke mwenzangu wa juzi tu, apewe kiwanja kule juu Garsen. Chifu aliandika majina, ofisi ya D.O., mkuu wa tarafa, ikapima viwanja, baraza la wilaya likaleta mabati.

Siku ya kugawa, Mwanaarusi mwenyewe alikuwa shambani Kulesa.

"Mwanaarusi yuko?" karani wa D.O. aliita.

"Mimi hapa," nikajibu.

Karani akamgeukia Chifu, aliyekula pilau ya harusi yangu. "Ndiye huyu, mzee?"

"Kazi yangu majina, bwana. Nyuso ni za ofisi yenu."

Karani akasogeza wino. Kidole gumba changu kilikuwa na ufa wa jembe. Nikakichovya, nikakigandamiza juu ya jina lake.